Bwana Miti Asiye na Mti

Niliweka saini ya bibi mmoja ambaye sikuwahi hata kumwamkia, kisha nikaipamba kwa mkia kama wa mjusi. Huo ndio upumbavu wangu. Nauweka hapa mlangoni ili tuupite mapema. Kwa saini hiyo nilipanda miche sitini ya mikarafuu ndani ya siku moja, kwenye shamba la kuazima, huko juu Kinole, na baba mmoja mwenye watoto wanne nusura apoteze mahali pa kulima. Nilikuwa na wiki tatu tu za fildi. Wenzangu wa chuo waliopangiwa ofisi za mjini, kwa wiki tatu walikuwa wamejifunza kutoa fotokopi pande mbili.

Lakini habari hii si yangu. Mimi nimo kwa sababu lazima awepo mtu wa kuharibu. Habari ni ya Bwana Miti.

Jina lake la kwenye vyeti niliwahi kuliona mara moja kwenye karatasi ya mahudhurio, likanitoka siku hiyohiyo. Mlimani kote walimwita Bwana Miti, kama watu wanavyosema bwana shamba au bwana mifugo, na ofisini nako wakafuata. Alizaliwa wapi, mwaka gani, baba yake alikuwa nani, sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika kuuliza chakula cha mchana kinatoka saa ngapi.

Kazi yake ungeweza kuieleza kwa pumzi moja. Shirika letu la mazingira, lenye ofisi ya vyumba vitatu Morogoro mjini na feni moja inayohamahama, lilikuwa likiwagawia miche wakulima wa milima ya Uluguru: mikarafuu, midalasini, na miti mingine ya kushika udongo, ili mvua isiyashushe mashamba mpaka mtoni na mkulima naye apate cha kuvuna. Bwana Miti alitunza kitalu, na ndiye aliyeipandisha miche mlimani. Mimi nilikabidhiwa kwake kama watu wanavyoletewa mtoto wa ndugu wakati wa likizo, yaani hakuna aliyemuuliza kama anamtaka.

"Unaitwa nani?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nikamtajia.

"Hilo litanichukua muda. Nitakuita Bwana Chuo mpaka nilizoee."

Hakulizoea.

Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya upinde, kiasi kwamba hata akisimama sokoni ulidhani kuna pikipiki asiyoionyesha. Pikipiki ya kweli ilikuwa ya ofisi, nyekundu zamani, na nyuma alifunga makreti ya soda yaliyojaa miche badala ya chupa. Nami nilikaa kati yake na makreti, nikiwa na majani masikioni. Akifika mteremko alizima injini.

"Mzee, mbona unazima?"

"Mlima wenyewe unatusukuma. Mafuta ya nini?"

Nilijifunza dua nyingi kwenye miteremko ile.

Simu yake ilikuwa kitochi, na aliitia ndani ya kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki wa kukuzia miche, ili isilowe. Ukimpigia ulimsikia kama mtu anayeongea kutoka chini ya udongo. Ofisini walimnunulia simu kubwa ya kupigia picha za maendeleo ya mradi. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifungia kabatini. Alisema simu ya aina ile inataka kutunzwa kama mche, na yeye miche anayo ya kutosha.

Aliogopa viwavi. Nasema ukweli mtupu. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa majani, akiona kiwavi juu ya jani aliruka nyuma hatua mbili na kuniita, "Bwana Chuo! Njoo utumie elimu yako!" Kiwavi kilipoondolewa alirudi mahali pake na kuendelea na sentensi aliyoiacha, bila haya. Wiki ya pili nilimwekea kimoja kwenye kofia. Sitaeleza kilichotokea, ila ujue kwamba siku mbili zilizofuata nilimwagilia kitalu chote peke yangu.

Ijumaa alikuwa msikitini kwa ajili yake mwenyewe. Jumapili alikuwa nje ya kanisa la misheni kwa ajili ya miche, maana wakulima wa mboga wa huko juu kabisa, ukitaka kuwapata wote mahali pamoja wakiwa wameoga, ni baada ya misa. Padri alimzoea. Siku moja alimwambia kwamba kwa mahudhurio hayo wangeweza kumpa ubatizo wa bure. Bwana Miti akajibu kwamba atakubali siku padri atakapochukua miche mia.

Sasa nieleze jambo lake kubwa, ambalo mwanzoni nililiona kuwa uvivu.

Bwana Miti hakumpa mtu mche kabla hajakaa na mwenye ardhi. Kukaa kwake kulikuwa kukaa kwelikweli, juu ya kigoda au gunia, saa moja, saa mbili, akinywa chai ya sukari vijiko vitano na kuzungumza habari zisizohusiana na miti hata kwa bahati mbaya. Nilimshuhudia akikaa asubuhi nzima na mzee mmoja wakijadili jicho la mbuzi. Jicho moja! Mbuzi mwenyewe aliondoka, wao wakaendelea. Tulipotoka nikamuuliza tumefanya kazi gani. Akatoa kidaftari mfukoni, akatafuta jina la yule mzee, akaweka kijistari cha pili mbele yake.

"Huyu bado mara moja," akasema.

Kidaftari kile kilikuwa na majina ya watu na vijistari tu. Vilikuwa hesabu ya vikao. Miche hakuihesabu humo. Kikao cha mwezi ofisini, mratibu alipouliza kila mtu amepanda miche mingapi, Bwana Miti alikifungua na kusema, "Nimekaa nyumba kumi na moja." Mratibu alishika kichwa. Ripoti za wafadhili hazina safu ya kuandikia kukaa.

Na kabla ya kwenda kukaa, aligeuza fulana. Alikuwa na fulana ya shirika, ya kijani iliyofifia, yenye maandishi makubwa kifuani kuhusu kuokoa misitu. Tukikaribia nyumba ya watu, alisimamisha pikipiki njiani, akaivua, akaivaa ndani nje, maandishi yakabaki yakimwokoa yeye peke yake.

"Sasa hivi sijaja na ofisi," alinieleza mara ya kwanza. "Nimekuja na mimi."

Mimi, ambaye fulana ya shirika niliipigia picha nane kwa siku, niliona mzee ana matatizo.

Wiki ya pili alinipeleka kwake kula. Aliishi kwa kina mke wake, chini kidogo ya Kinole, nyumba ya tofali mbichi, ua umefagiwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Kulikuwa na mihogo, maharage, mchicha, na mananasi mawili matatu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakukuwa na mti. Hata mpapai. Kivuli tulichokalia kilitoka kwa mfenesi wa jirani, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mke.

Mimi huwezi kunionyesha kitu kama hicho nikanyamaza.

"Mzee," nikasema, "umepandisha miche mlima mzima, kwako hamna hata fimbo ya kumchapia mtoto?"

Mke wake alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Bwana Miti akasema, "Kula wali, Bwana Chuo."

Tukiwa tunakula, fenesi bivu likaanguka, puu, upande wa ua wa Bwana Miti. Nikainuka kulifuata. Akanishika suruali. Akamwita mtoto, akamwambia alibebe alipeleke kwa mjomba. Mtoto akaenda nalo akiyumba. Baada ya muda akarudi na nusu yake kwenye sinia. Ndivyo walivyofanya kila fenesi lilipoanguka, mke wake aliniambia, toka walipooana. Lilikwenda zima, likarudi nusu. Nikawaambia wangelikata palepale wangempunguzia mtoto safari. Mama yule akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa viatu kitandani.

Basi, hayo yote nilikuwa nimeyaona. Kila kitu nilichohitaji kukijua nilikuwa nimeshaonyeshwa, tena na fenesi juu. Ndiyo maana nikisema upumbavu sina maana ya kujidekeza.

Wiki ya tatu waya wa klachi ulikatika tukiwa Kinole na miche sitini ya mikarafuu. Bwana Miti akaipakia pikipiki kwenye kenta iliyokuwa inashuka na ndizi, aende Mkuyuni kwa fundi. Miche tuliiacha nyumbani kwa Baba Zaituni, mkulima aliyekuwa ametuomba muda mrefu, na ndipo nilipolala.

"Nitarudi kesho kutwa," Bwana Miti akasema kutoka juu ya ndizi. "Imwagilie asubuhi na jioni. Usipande hata mmoja."

"Sawa, mzee."

"Nimesemaje?"

"Nisipande hata mmoja."

Baba Zaituni alikuwa mtu wa upande wa pili wa mlima. Ardhi ya kwao ilikuwa imegawanywa mpaka imebaki mistari, kwa hiyo kwa miaka tisa alilima shamba la kuazima la ukoo wa Bi Mwanahawa. Huku mlimani ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, na Bi Mwanahawa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule. Baba Zaituni alipanda mahindi na maharage, na kila msimu akivuna alimpelekea bibi debe la heshima. Mikarafuu aliitamani. Aliitazama ya jirani kama mimi ninavyotazama chipsi za mwenzangu. Katika kidaftari cha Bwana Miti, mbele ya jina la Bi Mwanahawa kulikuwa na kijistari kimoja.

Asubuhi ilipambazuka na manyunyu mazuri, udongo laini, na mimi nina fomu za kukabidhi miche ndani ya begi. Kwenye grupu letu la wasap wenzangu walikuwa wanatuma picha zao wakiwa kwenye viti vya kuzunguka. Nikajiona nimeshika mche, nyuma yangu ukungu na mlima. Nikaona na maandishi yake: miche sitini, siku moja, mtu mmoja.

"Baba Zaituni," nikasema, "leo tunapanda."

Akaweka kikombe chini. "Bwana Miti kasema?"

"Kila kitu kiko tayari. Karatasi hizi hapa."

"Bi Mwanahawa anajua?"

Kwenye fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa Mwenye Ardhi. Saini yenye mkia wa mjusi nilikuwa nimeimalizia dakika kumi kabla, nyuma ya choo.

"Ukoo mzima umesaini, Baba."

"Ukoo mzima?"

"Mpaka waliokufa."

Akacheka. Kicheko chake nakikumbuka, kwa sababu kilikuwa cha mtu aliyesubiri kitu miaka tisa na sasa anaambiwa kimefika. Akaenda kuchukua jembe mbio, akamwita mke wake na Zaituni mwenyewe. Tukachimba. Saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza, mistari imenyooka kama ya daftari. Nikapiga picha. Mratibu akatuma vidole gumba sita na neno Hongera.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanahawa alikuja. Mwembamba, khanga mbili, fimbo hana. Alisimama ukingoni mwa shamba akaitazama mistari yangu kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua. Baba Zaituni alimwamkia kwa kupiga goti. Akaitikia. Nami nikasema shikamoo. Akaitikia pia. Kisha akaondoka. Nikadhani mambo ni mazuri.

Mchana mjukuu wake alileta ujumbe, akasimama akausema kama shairi la shule: Bibi anasema, mahindi yaliyomo yavunwe, na baada ya mahindi Baba Zaituni achukue jembe lake arudi kwao.

Baba Zaituni hakunigombeza, wala hakunipiga. Alikaa kizingitini na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Bwana Chuo, ulisema amesaini?" Nikamweleza. Akaingia ndani, nikamsikia akimwambia mke wake. Zaituni, ambaye ni darasa la tano, alitoka akanitazama na kuniuliza, "Kwa hiyo tunahama?"

Huyo ndiye aliyenifanya nitoe simu na kumpigia Bwana Miti huko Mkuyuni.

Bwana Miti alifika jioni hiyo kwa miguu kuanzia pale barabara ilipozuiwa na tope, suruali imekunjwa, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Alinyoosha mkono, nikampa fomu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huu mkia ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Mm." Akaikunja mara nne akaitia ndani ya kiriba pamoja na kitochi. "Unajua mti ni nini huku?"

Nikaanza kumwambia habari za hewa ya ukaa.

"Hapana," akasema. "Mahindi yanakaa miezi minne, yanaondoka. Mkarafuu utamzika aliyeupanda. Mtu akipanda mti kwenye shamba la kuazima, amewaambia wenyewe kwamba harudi kwao. Baba Zaituni amemwambia Bi Mwanahawa, ardhi yenu nimeichukua. Amemwambia mara sitini. Tena kwa mistari iliyonyooka."

Afadhali angenitukana.

Kesho yake aligeuza fulana, akaniambia na mimi nigeuze yangu. Tukaenda. Bi Mwanahawa alikuwa barazani anakwangua magome ya mdalasini. Bwana Miti akakaa juu ya gunia. Wakazungumza mvua, binti wa bibi aliyeko Dar, ndama aliyekataa kunyonya. Bibi akanirushia kisu bila kunitazama, nikakwangua mdalasini mpaka vidole vikanuka pilau. Hakuna aliyetaja mikarafuu. Tukaaga.

"Mbona hatukusema?" nikauliza njiani.

"Tumesema."

"Saa ngapi?"

"Amekupa kisu. Asingetaka kukuona tena, angekupa kiti."

Akatoa kidaftari, akaweka kijistari cha pili. Nilipokuwa natembea nyuma yake nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya, kama na yeye kule kwake hapandi mti kwa sababu hiyohiyo.

"Ardhi ni ya kina mke wangu. Mimi pale ni mgeni wa miaka thelathini."

"Si umuombe shemeji? Wewe ndiye unayewaombea watu wote!"

Akaruka dimbwi la njiani. "Nikimwombea mtu nina mdomo," akasema. "Nikijiombea mwenyewe, hauji."

Huyo ni mtu ambaye asubuhi ileile alikaa goti kwa goti na mkubwa wa ukoo mzima, kwa ajili ya shamba lisilo lake, kosa lisilo lake. Na kwa shemeji yake, nyumba ya pili, hajawahi kuomba shimo moja.

Siku ya pili ya kukaa kwetu, Bi Mwanahawa alimaliza mdalasini, akafuta mikono, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyewapeleka wafu wetu ofisini wakasaini?"

Baba Zaituni alikuwa amemsimulia kila neno.

"Ndiyo, bibi."

"Walisaini kwa kalamu gani?"

Ninavyojijua, nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha tayari mdomoni. Bwana Miti alikuwa anatazama kikombe chake. Nikasema, "Yangu, bibi. Ya bluu. Baba Zaituni hakujua, nilimdanganya. Naomba unisamehe."

"Mama yako ni wa ukoo gani?"

"Sijui, bibi."

Akamtazama Bwana Miti. "Basi ndiyo hivyo," akasema, kama daktari aliyeutambua ugonjwa. Kisha akatoa neno lake. Miti itoke yote. Aitoe aliyeipanda, mchana, watu wakiona. Habari ya jembe la Baba Zaituni atasema ikishatoka.

Niling'oa miche yangu siku iliyofuata, mbele ya watu kama thelathini na watoto wasiohesabika, nao walihesabu kwa sauti. "Kumi na saba! Kumi na nane!" Mmoja wao akapendekeza wimbo. Bwana Miti, ambaye nilimwona mara nyingi akibembeleza mche mmoja uliopinda kama mtu anayemlisha mgonjwa, hakuyatazama mashimo. Alipiga magoti karibu yangu, akanionyesha namna ya kuingiza vidole pembeni na kuinua mche na udongo wake, akaupokea, akaurudisha kwenye kiriba. Sitini. Kwenye wa arobaini na kitu kiwavi kilimpanda kidoleni. Alikitazama. Akakipukuta, akanyoosha mkono kupokea mwingine. Hakuniita.

Baba Zaituni alikuwa amesimama mbali na mke wake, mikono nyuma. Shimo la mwisho lilipofukiwa, Bi Mwanahawa aliingia shambani, akapita juu ya mistari akiigusa kwa unyayo mmoja baada ya mwingine. Watoto walimpisha. Akafika kwa Baba Zaituni.

"Haya mahindi," akasema, "mbona yana majani? Msimu ujao utayaacha hivihivi?"

Baba Zaituni aliinama, akang'oa jani moja la karibu. Mke wake ndiye aliyejibu. "Hatutayaacha, bibi. Tutapalilia mapema."

"Mpalilie," bibi akasema, akaenda zake.

Bwana Miti alikuwa amekwishaanza kufunga makreti.

Kwenye ripoti ya mwezi aliandika kwamba kwenye shamba lile hakuna kilichopandwa. Mratibu alikasirika, maana picha yangu ilikuwa imeshatumwa mbali. Mpaka leo iko kwenye bango la ofisini: mimi, ukungu, na mche ambao siku nne baadaye niliung'oa nikiimbiwa na watoto. Kwenye fomu yangu ya tathmini ya fildi, mahali pa maoni ya msimamizi, Bwana Miti aliandika, "Anajua kung'oa vizuri. Kupanda atajifunza." Mwalimu wangu chuoni alidhani ni lugha ya kitaalamu, akanipa alama nzuri.

Nilimwona tena mwaka uliofuata. Mradi ulikuwa umekwisha, kama miradi inavyokwisha, ghafla na kwa barua. Nilikuwa natoka kumtembelea binamu yangu Mzumbe, nikamkuta kando ya barabara amepanga viriba chini ya turubai, anauza miche yake mwenyewe. Miguu ileile ya upinde, pikipiki haipo. Alivaa ile fulana ya kijani, safari hii maandishi nje.

"Shikamoo, mzee. Leo umekuja na ofisi?"

"Marahaba, Bwana Chuo. Ofisi imekufa. Sasa ni nguo tu."

Nikakaa kwenye kreti. Hakuna aliyeniambia nikae. Tukaongea habari za mvua, na za goti lake, na za bei ya nauli. Gari zilipita. Baada ya muda, bila kuulizwa, akaniambia kwamba katika ile miche sitini kumi na mmoja ilikufa. Arobaini na minane aliichukua Bi Mwanahawa. Aliipanda mwenyewe kwa mkono wake, ukingo wa juu wa shamba lile, pale panapoporomoka. Aliyemchimbia mashimo ni Baba Zaituni, na bado analima chini yake.

Nikapiga hesabu. "Umebaki mmoja."

Akainama nyuma ya turubai, akatoa kiriba chenye mkarafuu wa urefu wa kiwiko, majani yanang'aa. "Huu ulikuwa wa kumi na nane," akasema. "Uliushika vibaya. Nikauweka pembeni nione kama utakusamehe."

Akanipa, nikaupokea kwa mikono miwili.

"Na wewe mzee? Kwa shemeji?"

Akatoa kidaftari. Kilikuwa kimechakaa kama keki iliyokaliwa. Akanionyesha ukurasa wa mwisho. Jina la shemeji yake, na mbele yake vijistari viwili, wino mpya.

"Bado mara moja," akasema, akakirudisha mfukoni haraka.

Nilifika nyumbani Morogoro na mche wangu mapajani. Mama alikuwa uani na cherehani yake, anashona sare za shule. Nilikuwa na furaha. Nilichukua jembe la jirani, nikachagua mahali karibu na bomba, penye jua la kutosha na udongo laini, nikapima kwa hatua kama mtaalamu, nikainua jembe. Cherehani ikanyamaza. Mama aliutazama mche, akalitazama jembe, akanitazama mimi, akasema:

"Nyumba ya kupanga hii. Huo udongo umemwomba nani?"